Kutoa DNA ya ndizi katika maabara ya shule Mombasa: mwongozo kamili

Walimu na wanafunzi wa kidato cha nne huniletea lalamiko moja: walifuata hatua zote, wakapata povu na maji meupe, lakini DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi ndani ya seli, hawakuiona. Ukiwauliza zaidi, unakuta alkoholi ilikaa juu ya meza tangu asubuhi, maji yametoka kisimani, na sabuni ilinunuliwa ya kupimwa mtaani. Wanafunzi hawana kosa. Maelekezo mengi yanayozunguka yaliandikiwa miji ya baridi yenye maji laini ya mfereji. Mombasa ina joto, na imekaa juu ya mawe ya matumbawe yanayotia chokaa katika maji ya visima vyetu. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia hayo mawili.

## Vifaa

Vipimo hivi ni vya darasa la wanafunzi 40 waliogawanywa vikundi 8, pamoja na sehemu moja ya ziada ya mwalimu.

- Ndizi za kisukari zilizoiva, moja kwa kila kikundi, au vipande vya papai vya gramu 50 hivi
- Maji safi lita 1 (soma maelezo hapa chini kabla hujafungua mfereji)
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 50
- Chumvi ya mezani
- Ethanoli ya asilimia 95, mililita 150
- Barafu kilo 3 na chumvi ya bei nafuu nusu kilo ya kuchanganya nayo
- Kinu kidogo na mchi, au bakuli na uma
- Vipande vya kitambaa chepesi cha pamba. Leso kuukuu iliyofuliwa inafaa sana
- Faneli, bika au bilauri za kioo, na neli nyembamba za kioo za maabara
- Vijiti vya mishikaki
- Kipimajoto, sufuria na beseni
- Iodini, myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu na wa salfeti ya shaba, vilevile mnavyotumia kupima vyakula
- Miwani ya usalama

Maelekezo ya ng'ambo hutaka matunda yapondwe ndani ya mifuko ya plastiki yenye zipu. Usihangaike kuitafuta, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na kinu cha kutwangia thomu kinafanya kazi vizuri zaidi. Kioshe tu vizuri kwanza.

### Maji

Usitumie maji ya kisima. Maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe yana kalisi na magnesi nyingi, na madini haya yanaharibu kazi kwa njia mbili. Hushikamana na sabuni ya kipande na kuifanya utando mweupe unaoelea, ambao mwanafunzi huuona akadhani ni DNA. Pia magnesi huvisaidia vimeng'enya vinavyokata DNA kufanya kazi yake. Tumia maji yaliyotoneshwa kama maabara inayo, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au ya chupa ya dukani. Lita moja inatosha darasa zima.

### Sabuni

Sabuni ya kipande iache kabisa. Chukua ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi nzito. Ile inayotengenezwa kwa ungarol (kemikali ya kutengenezea sabuni ya maji) na kuuzwa kwa kupimwa inaweza kufaa, ila nguvu yake hubadilika kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine, na huwa tayari imetiwa chumvi ili iwe nzito. Kama ndiyo uliyo nayo, ijaribu mwenyewe kabla ya siku ya somo.

### Alkoholi

Masomo mengi huharibikia kwenye alkoholi. DNA huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika alkoholi kali, na hilo ndilo linaloifanya ionekane. Alkoholi ikiwa dhaifu, maji yaliyomo ndani yake yataiweka DNA ikiwa imeyeyuka na hutaona kitu. Ethanoli ya asilimia 95 ndiyo bora. Spiriti ile maabara inayotumia kutoa rangi ya kijani kwenye majani wakati wa kupima wanga inafaa, mradi lebo ioneshe kuwa ni ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi imechanganywa na maji hadi asilimia 70, nayo itakupa wingu hafifu tu. Jeli ya kutakasia mikono haifai hata kidogo, kwa sababu kile kinachoifanya iwe nzito kitajikusanya na kukudanganya.

### Tunda

Chagua ndizi laini, ya manjano, yenye madoadoa machache. Ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga huo utatua chini ya neli kama unga mweupe. Ndizi iliyogeuka nyeusi imeanza kuoza, na DNA yake imeshakatwakatwa. Papai lililoiva linafaa pia. Kama darasa lako limekuwa likipata rojorojo nyingi kila mwaka, jaribu kitunguu maji.

## Hatua ya 1: Poza alkoholi

Anza na hili saa moja nzima kabla ya kipindi. Ponda barafu, itandaze ndani ya beseni, nyunyiza chumvi, weka tabaka jingine la barafu na chumvi, kisha zamisha chupa ya ethanoli hadi shingoni. Kizibo kiwe kimekazwa.

Chumvi huifanya barafu iyeyuke huku ikishuka chini ya nyuzi sifuri, na ethanoli haigandi kwa baridi hiyo. Baridi inasaidia kwa mambo mawili: hupunguza uwezo wa DNA kubaki imeyeyuka, na hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyoikata. Mchana wa Februari, chumba cha maabara kikipita nyuzi 30, alkoholi iliyoachwa mezani itakupa nyuzi chache za DNA au isikupe kabisa.

Barafu ya wauza samaki inatosha. Harufu yake haidhuru, kwani haigusi kitu.

Onyo: usiweke chupa ya ethanoli ndani ya friza ya nyumbani au ya kantini. Mvuke ukivuja, cheche ndogo ya swichi ya friza yaweza kuulipua. Ndiyo maana natumia beseni la barafu na chumvi, hata pale friza ipo.

Utajua umefanikiwa kipimajoto kikisoma chini ya sifuri ndani ya beseni na nje ya chupa kukiwa na jasho au ukungu wa baridi.

## Hatua ya 2: Changanya maji ya kutolea

Mimina mililita 450 za maji ndani ya chombo kikubwa. Tia gramu 15 za chumvi ya mezani, yaani vijiko viwili na nusu vya chai, vilivyosawazishwa. Koroga hadi iyeyuke yote. Sabuni, mililita 50, iingie mwisho, ukiimimina polepole pembeni na kukoroga bila haraka.

Mpangilio huu una maana. Sabuni ikitangulia, utakoroga chumvi ndani ya povu, na povu hilo litakufuata hadi mwisho na kuficha mahali hasa unapotaka kutazama. Likitokea, liache litulie au liondoe kwa kijiko.

Waeleze wanafunzi kazi ya kila kitu kabla hawajagusa. Utando wa seli na utando wa kiini vimejengwa kwa mafuta. Sabuni huyavunja mafuta hayo, nayo DNA ikatoka. DNA ina chaji hasi katika uti wake wote, kwa hiyo nyuzi zake husukumana. Ioni za sodiamu kutoka kwenye chumvi hutuliza chaji hizo, na nyuzi zikaweza kukaribiana na kukusanyika alkoholi inapofika.

Sasa tengeneza maji mengine kidogo, mililita 50, yenye chumvi (robo kijiko cha chai) lakini bila sabuni. Haya ni ya sehemu ya mwalimu, na bila haya somo halijakamilika. Sababu utaiona katika hatua ya 7.

## Hatua ya 3: Ponda

Kila kikundi kimenye ndizi yake na kuiponda kinuni kwa dakika mbili hivi, hadi mabonge yaishe. Ongeza mililita 50 za maji ya kutolea, kisha endelea kuchanganya taratibu kwa dakika moja. Mwalimu afanye vivyo hivyo kwa ndizi yake, akitumia yale maji yasiyo na sabuni.

Seli za mmea zina ukuta mgumu ambao sabuni peke yake haiuvunji. Mchi ndio unaoupasua. Blenda nayo inaweza, lakini isizidi sekunde chache: ikizunguka sana hukata DNA vipande vifupi visivyoweza kuzungushwa kwenye kijiti.

Hapa mvulana mmoja mwenye nguvu ataanza kutwanga kwa vishindo baada ya sabuni kuingia. Mzuie. Kutwanga kwa nguvu ni kabla ya sabuni. Baada yake ni kukoroga tu.

## Hatua ya 4: Pasha joto, kisha poza

Mimina mchanganyiko ndani ya bika, kisha weka bika ndani ya sufuria ya maji yenye nyuzi 60 kwa dakika 10 hadi 15. Huhitaji jiko kuwaka muda wote. Chemsha maji, yapunguze kwa maji ya baridi hadi kipimajoto kisome 65, zima moto, halafu ingiza bika. Yatashuka yenyewe polepole.

Ndani ya seli kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukata DNA. Mara tu utando ukivunjika, vinaifikia. Joto la nyuzi 60 huvilegeza vingi, na huisaidia sabuni. Usivuke 70 kwenda juu, kwa sababu tunda huanza kupikika na kutoa pektini nyingi, ile inayofanya jemu igande.

Baadaye weka bika kwenye barafu kwa dakika 5. Wengi huiruka hii ya kupoza. Ukimimina alkoholi baridi juu ya mchanganyiko wa moto, umeipoteza ile baridi uliyoitafuta kwa saa nzima.

Onyo: kuanzia hapa pasiwe na moto wowote chumbani. Zima vichomeo, funga mtungi wa gesi, fungua madirisha. Mvuke wa ethanoli hushika moto kwa haraka, na moto wake mchana hauonekani vizuri.

## Hatua ya 5: Chuja

Tandika kitambaa juu ya faneli, mimina, na ungoje. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kupata mililita kumi hivi, nazo ni nyingi kuliko unazohitaji.

Usikamue kitambaa. Kwa watu wa Pwani mkono umezoea kukamua nazi hadi tui la mwisho, lakini hapa ukikamua unasukuma pektini na vipande vya seli vipite. DNA imeshayeyuka ndani ya maji na itashuka yenyewe.

Utajua umefanikiwa ukipata maji ya manjano hafifu yenye ukungu kidogo, bila vipande vya ndizi. Kama yana vipande, chuja tena kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili.

## Hatua ya 6: Mimina alkoholi

Hii ndiyo dakika ambayo darasa limeingojea, kwa hiyo usiikimbize.

Weka mililita 5 za maji yaliyochujwa ndani ya neli ya kioo. Inamishe neli nusu kulala. Toa ethanoli kwenye barafu sasa hivi, si mapema, na umimine mililita 10 zikiteremka polepole kwenye ukuta wa ndani wa neli. Kisha isimamishe wima bila kuitikisa.

Ethanoli ni nyepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo itakaa juu na kuacha mpaka ulio wazi. DNA hujitokeza mpakani hapo, pale inapokutana na alkoholi. Ukimimina kwa nguvu, tabaka mbili zitachanganyika, alkoholi itapungua makali, na badala ya nyuzi utapata ukungu uliotawanyika kila mahali.

Ndani ya dakika moja au mbili mpaka utageuka mweupe. Baada ya dakika 5 utaona nyuzi zikipanda kwenye alkoholi, zikiwa na vipovu vidogo vilivyonaswa. Zinavutika, zinashikamana, na rangi yake ni nyeupe inayopitisha mwanga, kama ute wa yai ulioguswa na maji moto. Wape wanafunzi nafasi ya kutazama. Kwa wengi wao DNA ilikuwa mchoro wa ngazi iliyosokotwa kitabuni, na sasa iko mbele yao, imetoka kwenye ndizi waliyoimenya wenyewe.

Ingiza kijiti cha mishikaki hadi mpakani na ukizungushe upande mmoja tu, taratibu. Nyuzi zitajifunga. Ukibadilisha upande zitafunguka, na ukikoroga zitakatika.

## Hatua ya 7: Hakikisha ulichokipata

Nasisitiza hatua hii kuliko zote, kwa kuwa darasa linaloishia kwenye "tumeona kitu cheupe" halijafanya sayansi bado. Katika ndizi vipo vitu vingi ambavyo alkoholi huvigeuza vyeupe.

Anza na neli ya mwalimu, ile isiyotiwa sabuni. Chuja, mimina alkoholi, ngoja muda uleule. Kwa kawaida itatoa rojorojo fulani pia, ambayo kwa sehemu kubwa ni pektini, na DNA kidogo kutoka kwenye seli zilizopasuliwa na mchi. Weka neli mbili pamoja mbele ya karatasi nyeusi. Tofauti kati yake ndiyo kazi iliyofanywa na sabuni. Kama hazitofautiani hata kidogo, basi mnachokitazama katika neli zote huenda ni pektini, na mrudi kuangalia sabuni na joto.

Halafu fanyeni vipimo mnavyovijua tayari kutoka somo la vyakula. Chukueni sehemu ya kile cheupe na mtie tone la iodini. Ikigeuka buluu-nyeusi, kuna wanga, na ndizi yenu haikuwa imeiva vya kutosha. Sehemu nyingine itieni hidroksidi ya sodiamu, kisha matone machache ya salfeti ya shaba. Zambarau inaonyesha protini imo. DNA haitoi rangi hizo mbili, kwa hiyo vipimo hivi vinawaambia uchafu uliochanganyika nayo, haviwathibitishii DNA yenyewe. Andikeni matokeo hayo kama yalivyo.

Mchanganyiko mtakaoupata una DNA, RNA (molekuli inayofanana na DNA), protini na pektini. Kusema hivyo kwenye ripoti kunamwongezea mwanafunzi heshima.

## Kikikataa

Hakuna kitu mpakani baada ya dakika 10: mara nyingi ni alkoholi, imepata joto au ni dhaifu. Weka neli nzima ndani ya barafu kwa dakika 10 zaidi kabla ya kukata tamaa. Kisha angalia lebo.

Kuna wingu jeupe lakini halishikiki kwenye kijiti: DNA imekatika vipande vifupi. Chunguza kama blenda ilizidi, kama ndizi ilikuwa nyeusi, au kama mchanganyiko ulikaa muda mrefu bila kupashwa joto. Kilichozaa wingu hilo kwa ndizi za masoko ya Marikiti au Kongowea mara nyingi ni tunda lililonunuliwa siku tatu kabla na kuachwa kwenye kabati la maabara.

Rojorojo nzito inayotetemeka na kujaa vipovu ni pektini. Punguza joto, acha kukamua, na jaribu kitunguu maji.

Unga mweupe uliotua chini ni wanga. Povu juu ya kila kitu ni kukoroga.

## Maswali yatakayokuja darasani

Mwanafunzi atauliza kama ameona ile ngazi iliyosokotwa. Hapana. Upana wake ni nanomita 2, haionekani hata kwa hadubini ya shule. Anachokiona ni mamilioni ya molekuli zilizokusanyika pamoja.

Mwingine atauliza kama ndizi hii ni GMO, yaani iliyobadilishwa jeni, kwa kuwa ina DNA. Mjibu kwa uzito, kwa sababu hofu hiyo ipo nyumbani kwao pia. Kila mmea una DNA, na tumekuwa tukiila katika kila ndizi, kila mchicha na kila wali. Jaribio hili haliwezi kuonyesha kama jeni zimebadilishwa. Kwa hilo inahitajika PCR, mbinu ya maabara ambayo hutafuta kipande maalumu cha DNA na kukizidisha hadi kigundulike.

Na kama kuna anayeuliza mbona ndizi hazina mbegu, mpe jibu zuri: ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu, 33 kwa jumla, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza gameti, yaani seli za uzazi. Mgomba huzalishwa kwa machipukizi, au kwa njia ya tishu zinazokuzwa maabarani, na hapo mwalimu umeshaingia kwenye somo linalofuata.

## Kusafisha na kuhifadhi

Anayetaka kubaki na DNA yake aihamishie kwenye kichupa kidogo chenye ethanoli, akifunge na kuandika tarehe. Itakaa wiki kadhaa mahali penye kivuli. Kichupa kibaki maabara, kisiende nyumbani ambako mtoto mdogo anaweza kukinywa. Spiriti yenye methanoli hupofusha na kuua.

Alkoholi iliyobaki kwenye neli ichanganywe na maji mengi kabla ya kumwagwa kwenye sinki, moto ukiwa bado umezimwa. Maganda na mabaki ya ndizi ambayo hayajagusa alkoholi yaende kwenye shimo la mboji. Vijiti vitupwe, visirudishwe kwa matumizi ya chakula, na kinu kilichotumika kibaki kuwa cha maabara.